Udongo wa Chini ya Sakafu

Mjomba wangu tulimwita Kalibu, jina la kile kisanduku cha mbao alichofyatulia matofali tangu ujana wake. Alikuwa na mdomo usio na breki na mikono isiyojua kukaa bure. Wanawe wawili wakubwa walishafunga virago kwenda machimboni. Akabaki na kitinda mimba, aliyekuwa akifyatua naye. "Baba," kijana alimwambia, "nikipata kazi hapa, siendi popote." Mjomba aliishika kauli hiyo kwa kufa na kupona.

Ndipo ukaja mpango wa nyumba bora. Wataalamu walileta mashine ya kushindilia matofali kwa mkono, matofali ambayo hayachomwi, ili miti isiishe. Nyumba tungejenga wenyewe, kwa malipo. Ikabaki kuamua zisimame wapi. Udongo mzuri kwetu uko mahali pamoja tu, kule tambarare. Pengine pote, hadi kule juu mlimani, ni mchanga. Mjomba akasimama mkutanoni.

"Jamani, tujenge palepale kwenye udongo! Au mnataka tupandishe matofali mlimani, sisi punda?"

Tulicheka, tukapiga makofi, na wataalamu nao wakapiga. Hakuna hata mmoja aliyewaza mbali kuliko mgongo wake.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Kitinda mimba akawa msimamizi wa mashine, akajijengea nyumba yake mwisho wa safu, vyumba viwili na baraza, sakafu laini ya saruji. Mjomba alikuwa akipita pale kupapasa kuta mbele za watu, bila haya. Kisha kila aliyehitaji nyumba akapata. Vijiji jirani vilipotaka kununua matofali, tukagundua hatuna pa kuchimba, maana udongo wote tumeulalia. Tulijaribu ule wa mchanga, matofali yakamong'onyoka mikononi kama mkate mkavu. Mashine ikafunikwa turubai.

Kijana akafunga nyumba yake, akampa baba yake ufunguo.

"Nitarudi, baba. Acha niwafuate kaka."

Alirudi kweli, ndani ya sanduku. Shimo la mgodi lilikuwa limemporomokea. Tulimzika kule juu, kwenye mchanga, kwa sababu tambarare yote ilikuwa imejaa nyumba.

Baada ya mazishi mjomba alikuwa akipanda kaburini kila siku. Mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi yake nikasikia sururu. Nilimkuta chumbani kwa marehemu, sakafu ameipasua, amezama shimoni mpaka magotini, kalibu yake ya zamani iko pembeni. Mkewe alikuwa mlangoni, mikono kichwani.

"Mzee, unabomoa nyumba ya mtoto?"

"Nafyatua matofali ya kumjengea kaburi. Umeliona jana? Mchanga wote unateleza, atabaki wazi."

"Na nyumba je?"

"Nyumba ya nani, mama? Mwenyewe yuko kule."

Mkewe akajifunga nguo kiunoni, akashika ndoo na kushuka kumsaidia kuzoa. Niliuchukia ule mpango, nikawachukia wataalamu, nikatuchukia sisi sote na makofi yetu.

Matofali yalitoka mazuri, hakuna hata moja lililopata ufa.