Uso wa Fulana ya Matanga

Vikundi vya wanafunzi wa Kisangani vinanichosha. Kila kimoja kinataka nembo yenye kitabu, mwenge na ramani ya Kongo, vyote ndani ya duara dogo kama kifuniko cha chupa. Ukiwaambia haitaonekana vizuri, wanajibu, "Bon, ongeza basi na nyota."

Kiongozi mmoja tu hakuwa hivyo. Aliongoza wanafunzi wanaotoka Bengamisa, na alitaka jani moja tu, la kijani kile alichokizoea kule Masako, msituni alikofanyia utafiti wake. Tulibishana sana juu ya kijani hicho. Kila rangi niliyochanganya aliikunjia uso. Fulana ya kwanza ilipotoka vizuri akaivaa palepale kwenye karakana yangu ya uchapaji, huku mtaani Tshopo, nikampiga picha. Alikuwa anacheka, meno yote nje. Nilimpenda kama mdogo wangu wa kuzaliwa naye.

Kabla sijachapa nyingine, malaria ikamuua.

Kwetu mwanafunzi akifa, wenzake huvaa fulana yenye uso wake kwenye matanga. Wakaja kwangu pamoja na baba yake. Picha nzuri ilikuwa ile moja tu. Baba akaitazama kwenye kompyuta.

"Mutoto wangu, unaweza kumufunga kinywa? Kwa matanga mutu hachekake. Watu watasema nini?"

"Papa, ni vile alikuwa."

"Najua vile alikuwa. Funga tu, tafazali."

Ningemkatalia vipi mtu aliyefiwa? Nikafuta meno, nikavuta mdomo wa juu ukakutana na wa chini. Mashavu yalikuwa bado yameinuka, nikayashusha. Kazi ikatoka safi, na niliichukia kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Nilichapa huku nalia.

Kwenye matanga uso ule ulikuwa kila mahali, kwa waliobeba viti, kwa waliopika, kwa waliokuwa wakiimba. Nilitamani kuondoka. Mama yake, aliyekaa chini kwenye mkeka, akaniita kwa mkono. Fulana yake alikuwa ameilaza mapajani, hajaivaa.

"Ni weye ulimupiga hii foto?"

"Ndiyo, mama."

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Mama akapitisha kidole kwenye ule mdomo, taratibu.

"Nani alimukasirisha siku ile?"