Mafiga Chini ya Nyasi

Nakumbuka, mjukuu wangu, ni mwaka ule ambao sombe, majani yetu ya muhogo, ilikuwa haipatikani hapa Louisville, Amerika. Kijana wangu alituletea iliyogandishwa kutoka Columbus, na mdogo wangu kule Buffalo alichemsha spinachi, akatia mawese, akaiita sombe bila haya. Mwaka huo mjukuu wangu mwingine, Furaha, mtoto wa miaka kumi, alirudi na karatasi kutoka shule yao ya Jeffersontown.

Shule ilikuwa na sikukuu ya wale Waamerika wa zamani waliokwenda magharibi na mikokoteni, kufungua nchi. Mwalimu alitaka nivae kitenge, nisimame mbele ya wazazi, niseme mstari mmoja: kwamba sisi wakimbizi, kama wao, tumezoea kuanza mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nikamwambia Furaha, "Sitasema hapakuwa na mtu."

"Koko," akasema, ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi kwetu, "ni maneno tu. Mwalimu anasema ndivyo Waamerika walivyopata kuwa Waamerika. Walikata miti, wakajenga, wakajitawala."

"Walikata miti ya nani?"

Akaigeuza karatasi. "Hiyo haijaandikwa."

Bon, haya. Mimi shule niliiacha darasa la pili, lakini neno hilo la kwamba hapakuwa na mtu nalijua, maana nilishalisema. Nilikuwa msichana, kwetu milimani, Kivu ya Kusini. Niliona nyasi ndefu karibu na mto, nikaingia na jembe, nikalima siku tatu nikijisifu kwamba pori hili nimelifungua mimi. Mzee mmoja, Mama Nabintu, akaja polepole. Hakunipiga. Alitenganisha nyasi kwa fimbo yake, nikaona mafiga matatu, bado meusi kwa moshi.

"Hapa nilipikia watoto wanne," akasema. "Shamba nimelilaza lipumzike. Wewe unaliita pori kwa sababu hukuuliza."

Nilipanda maharage yake mpaka mstari wa mwisho, na aliyevuna ni yeye.

Na leo walioichoma nyumba yangu kule Kivu, wakati wa vita, wamepanda mahindi uani kwangu. Ukiwauliza, walikuta pori. Halafu mimi ndiye nikawasemee wengine hivyo, kwa kitenge changu, nikitabasamu?

Mdogo wangu akapiga simu. "Dada, sema tu, ule keki urudi nyumbani."

"Wewe uliyeita spinachi sombe," nikamjibu, "utaita kitu chochote jina lolote."

Furaha alilia. Aliogopa kuondolewa kwenye mchezo wa kuigiza wa sikukuu hiyo. Nilikwenda naye kwa mwalimu, nikamwambia mtoto atafsiri. Huyu mtoto hunitafsiria akipunguza pilipili. Siku ile hakupunguza. Mwalimu akaukata mstari kwa kalamu.

Mwanangu, siwanyimi ujasiri wao. Kufungua shamba kunambadilisha mtu. Mikono yangu inajua. Lakini nchi inayowaambia watoto wake kwamba ilianzia patupu inawafundisha kutoona watu, na kesho hawatakuona wewe. Ipende nchi hii iliyokupa kitanda. Ila ukiambiwa mahali ni pori, tenganisha nyasi kwanza, uulize mafiga ni ya nani. Mungu akupe nyumba ambayo hakuna atakayeiita pori, na watoto wa kuitaja kwa jina lake. Na siku watakayokusimamisha wakupe mstari wa kusema, jibu kama bibi yako:

"Sitasema hapakuwa na mtu."