Kaburi Wazi Ndani ya Picha

Juzi nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno huko Karavia. Ukutani, pale tulipongojea, pametundikwa picha ya kanisa la Ulaya, ndani kwake, lenye nguzo ndefu ajabu. Binti aliogopa koleo. Mimi niliogopa picha. Ngoja nikueleze.

Nyanya yangu, kaku kama tunavyosema Lubumbashi, alikuwa akisafisha nyumba ya padri pale Ruashi. Nikiwa mtoto, kila Jumamosi nilimfuata. Sebuleni mlinukia nta na kahawa, na mlikuwa na picha ya namna ile, ya rangi za mafuta. Kaku alinifundisha kuisoma. Nguzo zinapanda ili roho nayo ipande. Mwanga unapenya kioo bila kukivunja, kama Mungu alivyomjia Bikira Maria. Taa nyekundu maana yake Bwana yuko macho. Lakini chini, kati ya mawe ya sakafu, mchimbaji alisimama kando ya kaburi wazi, tupu.

"Ile shimo iko ya nani?" nikauliza.

"Kila muntu iko na yake," akasema, akaendelea kupangusa meza.

Mvua zilipoanza, kaku akaanza kukohoa. Kila Jumamosi niliona shimo limepanuka. Chakula kikanishinda, nilijua linamngoja yeye.

Siku moja nikaficha mfukoni tonge la bukari, ugali wetu. Kaku alipotoka kuchota maji nikapanda kiti, nikaliziba shimo lote. Mchimbaji alikuwa akinitazama, naapa.

Wiki iliyofuata padri alituita. Bukari ilikuwa imekauka, sisimizi wamejaa.

"Mama, ni nani alifanya hivi?"

Kaku akanigeukia. Mkojo ukanichuruzika miguuni.

"Ni miye, kaku. Sikutaka uingie mule."

Padri akatoka nje. Kaku aliishusha picha magotini, akabandua bukari kwa kitambaa chenye maji, polepole. Rangi ikatoka nayo. Halafu akanivuta kifuani. Nikasikia pumzi yake ikikoroma.

"Ata miye naogopa," akaninong'oneza.

Kikohozi kilipona, akaishi miaka mingi. Alipofariki nilikuwa mbali, Sakania, nilifika wameshamzika. Nyumba ya padri imebomolewa, na picha sijui ilikwenda wapi. Kaku aliniambia lile neno, kwamba anaogopa, mara moja tu maishani, nami sikumjibu kitu.