Nilivyompelekea Mshauri Shida za Rafiki Yangu

Msinicheke. Mimi ni wa kwanza katika ukoo wetu kule Oldonyo Sambu kuingia chuo kikuu, kwa hiyo sikwenda kwa mshauri wa wanafunzi kinyonge. Niliingia kifua mbele.

"Shikamoo mama. Mimi sina tatizo lolote. Nimekuja kwa ajili ya Elirehema, tunakaa naye chumba kimoja pale Sekei."

"Marahaba. Ana nini?"

Nikamweleza kwa ufasaha wangu wote. Kwamba sekondari Elirehema alikuwa kinara, ila hapa chuoni kila mtu alikuwa kinara kwao, na sasa anashika mkia. Kwamba mama yake akipiga simu anamwambia masomo yanaenda vizuri, halafu anajifungia bafuni, anafungulia maji ili asisikike akilia.

Mshauri akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, wewe ndiye Lomayani?"

Nikashtuka. Sikuwa nimemtajia jina.

"Elirehema alikuja jana. Alisema mwenzake analia bafuni, akaniomba nikutafute."

Nilikuwa bado nimesimama. Nikavuta kiti, nikakaa, na machozi yakanitangulia kabla sijafungua mdomo.