Mgomba wa Eufrazia

Neno laini lilifika Temeke kabla ya barabara. Bombani mliambiwa ingieni laini. Hospitalini laini. Askari nao waliishi laini, nyumba zao zimepangwa kama meno. Eufrazia, mjane wa kutoka Ndanda aliyeuza vitumbua, hakulichukia neno hilo. Akiweka debe lake nyuma ya la mwenzake, maji alipata, akamshukuru Mungu.

Mwaka wa hamsini na mbili ikaja laini ya barabara. Gozbert, karani wa wapimaji, kijana wa Bukoba aliyesali naye kanisa moja, alivuta kamba toka kigingi hadi kigingi. Kamba ikapita uani kwa Eufrazia, juu kabisa ya mgomba wake.

Chini ya mgomba ule alilala mwanawe wa pekee, aliyezaliwa bila kulia. Hakuwahi kubatizwa, hivyo makaburini hakupewa nafasi. Kwa desturi ya kwao, kichanga wa namna hiyo huzikwa na wanawake, na mwanaume hatajiwi mahali. Hata mumewe alikufa hajui. Aliyejua ni jirani yake Apolonia tu, aliyeshika jembe siku ile.

"Shikamoo, mama," alisema Gozbert.

"Marahaba, mwanangu. Ipindisheni kidogo hiyo laini. Mgomba wangu huo."

"Mgomba?" Gozbert akacheka, na vibarua wakacheka. "Mama, mie Mhaya! Kwetu migomba mpaka mtu anapotelea humo. Laini imechorwa ofisini. Ikipinda hapa, mzungu atanipinda mie."

Apolonia akamvuta khanga. "Mwambie, dada."

"Nimwambie mwanaume?"

"Basi namwambia mie."

"Ukimwambia, hatujuani tena."

Apolonia akaiachia khanga. Majembe yakaingia. Eufrazia akaugeukia ukuta na rozari yake, akasali kwa sauti ili asisikie.

Jioni Gozbert alimletea chipukizi la mgomba ule ule, limefungwa gunia bichi, akalipanda kwa mkono wake upande wa pili wa nyumba. Alikuwa na moyo mzuri kijana yule, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Mtaro wa barabara ukachimbwa pale pale, maji machafu ya mtaa mzima yakawa yanapita hapo. Na kila Jumapili, wakitoka misani, Gozbert aliuliza mbele za watu:

"Mama, mgomba wetu umeshika?"

"Umeshika, mwanangu," alijibu. Mwaka uliofuata akajibu, "Umezaa."

Mkungu wote aliwagawia majirani. Yeye hakuonja hata ndizi moja.