Faili Lililokatwa Uzi

Ofisini walimwita Mama Uzi, wala hakununa. Miaka thelathini na moja masjala, kila karatasi iliyoingia aliitoboa matundu mawili, akaipitishia uzi, akafunga fundo. Ukimletea karatasi za pini, anakukodolea macho mpaka unaomba radhi mwenyewe.

Wiki yake ya kwanza kazini, karani mkuu, mzee aliyependa maneno kuliko chai, alimweleza kwamba neno faili tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa, na huko mwanzo lilikuwa uzi tu. Makarani wa zamani walitunga barua kwenye uzi kama shanga. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi zenyewe, kisha kwenye jalada lake. "Kwa hiyo, binti yangu," akasema, "ukiniletea karatasi zisizo na uzi, hujaniletea faili."

Sasa neno lilikuwa limehama tena. Fundi wa kompyuta, dada mmoja mwenye adabu zake, alikuja na mashine ya kuskani, na kwake faili ni kitu cha kubonyeza. Mama Uzi alilionea neno wivu: linahama kila siku bila kuumwa magoti. Yeye alibakiza siku tatu astaafu, na karatasi zikishaskaniwa zilikuwa zinachomwa moto.

Alikuwa na lake rohoni. Kabati la mwisho, chini kabisa, kulikuwa na faili lililoandikwa "Matengenezo ya Mapaa". Ndani hamna paa hata moja. Mchora ramani wa ghorofa ya juu, ndiye aliyekuja kuwa mumewe, alilitumia kumtongozea. Anaandika dokezo, tarishi analishusha, Mama Uzi anajibu na kulipandisha, mwaka mzima, kwa lugha ya serikali. "Naomba mwongozo kuhusu Jumapili." "Ombi limepokelewa, linafikiriwa." Hawakuandika tarehe wala namba, wasije wakashikwa, uzi peke yake ndio uliojua kipi kilitangulia. Mchora ramani alifariki miaka sita iliyopita. Hata hapo hakulichukua, maana aliyewakatalia wakubwa kutoka hata na karatasi moja hawezi kubeba faili zima. Lakini lichomwe? Hapana.

Asubuhi ile alimeza aibu, akaomba.

"Chukua tu, Mama," fundi akasema. "Lile nililimaliza jana. Liko kwenye boksi hapo."

Karatasi zilikuwepo zote, ila zimelegea.

"Uzi umeukata?"

"Mashine haipitishi uzi, Mama. Halafu ziliniponyoka kabla sijaziskani, zikachanganyika. Nisamehe sana. Niambie zilivyofuatana, nizipange sasa hivi."

Mama Uzi akaketi, akazitandaza mezani. Ile ya Jumapili akaiweka mbele. Kisha ile ya kuombana msamaha. Au mzaha wa mwavuli ndio uliotangulia, na msamaha ukaja kwa sababu yake? Akabadilisha. Akabadilisha tena. Mikono iliyopanga mafaili ya watu wote ilikuwa inababaika juu ya karatasi hizi chache zake, na hilo lilimuuma kuliko moto wenyewe.

Fundi alimwonea huruma. "Hakuna mwingine anayejua, Mama? Tumwulize?"

"Yupo," Mama Uzi akasema haraka, akiinua macho kuelekea ghorofa ya juu. Kisha akafunika uso kwa viganja, akalia.