Mwaka Tulioingoja Sistemu Mpya

Mwaka ule, sokoni Muyinga, hakuna aliyeuliza tena kama betri ya simu ni nzima. Waliuliza jambo moja tu: "Hii itapokea ile mpya?" Ile mpya ilikuwa sistemu ya simu iliyotangazwa na kampuni kubwa ya ng'ambo, na sisi habari zake tulizipata vipande vipande, kwenye video fupi zilizopitishwa kutoka simu hadi simu mpaka sauti ikakwaruza. Walisema betri itadumu mara mbili. Walisema mwizi akiiba simu itajifunga yenyewe, isifunguke hata akiipeleka Bujumbura. Walisema utazungumza nayo ikujibu, na wengine wakaongeza kwamba itajibu kwa Kirundi, jambo ambalo hata kwenye hizo video halikuwepo.

Nilikuwa na meza ya simu za mtumba karibu na lango la soko, nikiuza pamoja na mdogo wangu wa kiume anayenifuata. Mteja akiniuliza kuhusu ile mpya, nilimjibu, "Sijui."

Asubuhi moja alikuja mwanamume kutoka Giteranyi, suruali kaikunja kwa ajili ya baiskeli. Alikuwa mtu wa kwetu, aliyekulia Tanzania kama mimi, na Kiswahili chake kilinipumzisha masikio. Alichagua simu nyeusi, akaigeuzageuza kama anayenunua kuku.

"Dada, niambie ukweli. Hii itapata ile mpya?"

"Sijui, kaka."

"Hujui vipi, na simu ni zako?"

"Naijua hii iliyomo ndani. Ambayo haijaja siijui."

Mama wa meza ya jirani alikuwa na masikio marefu na mdomo mwepesi. "Papa, kuya huku!" akaita. "Kwangu zote zitapata. Uyo dada iko anauza simu kama anauza sumu ya panya!"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa maana utani wake ulinilenga. Lakini yule mwanamume alihama, akanunua kwa jirani simu ileile, rangi ileile, iliyotoka kwa tajiri yuleyule wa Gitega aliyenipa mimi za kwangu.

"Dada, unatufukuzia watu," mdogo wangu alisema alipoona baiskeli inaondoka. "Neno 'ndiyo' ni dogo. Linakuuma wapi?"

Nikazipanga upya simu mezani. Jibu lilikuwa refu, naye alikuwa analijua nusu yake.

Baba na mama waliturudisha kutoka Tanzania, wakalima Giteranyi misimu michache, kisha wakatutoka, baba kwanza. Tulibaki wanne, mimi nikiwa mkubwa, darasa la sita. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo na majirani walikaa uani, wakanywa, wakazungumza, mwishowe mmoja akaniambia, "Mwaka huu kaa na wadogo zako. Mwakani utarudi shule." Wote wakaitikia. Nikafunga madaftari yangu kwenye kitenge cha mama, nikayapachika juu ya kenchi yasiliwe na mchwa. Mwaka uliofuata nikaambiwa mwakani. Na uliofuata. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya kati yao. Waliona mtoto analia, wakasema neno la kumnyamazisha, wakaenda kulala. Aliyekesha akingoja ni yule aliyeambiwa.

Kwa hiyo mtu akija mezani kwangu na fedha ya maharage yake mkononi, akiniuliza kama kitu fulani kitakuja, mimi siwezi kumpa "ndiyo" ya kumnyamazisha. Niite mkaidi. Nimeitwa zaidi ya hapo.

Na mtu asidhani niliichukia ile sistemu. Niliingoja kuliko wengi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anasoma Gitega, kule Mushasha, na shule yake hutuma ujumbe kwa Kifaransa. Kirundi nasoma, Kiswahili nasoma, lakini Kifaransa kilikuwa bado mlangoni nilipoondoka darasani. Kila ujumbe ukija namtafuta wa kunisomea, na anayenisomea anajua mambo ya nyumba yangu kabla yangu. Katika moja ya zile video, mtu alielekeza simu kwenye karatasi ya Kifaransa na simu ikamsomea kwa lugha yake. Niliitazama mpaka mega za intaneti zikaisha. Ingekuwa kutamani kunaleta kitu, ingefika kwangu kabla ya Ulaya.

Tajiri wa Gitega alinipigia simu wiki moja kabla ya sistemu kutoka. Alikuwa mzee wa familia ya Waislamu wa mjini, watu wa biashara tangu babu zao, na wote tulimwita Baba Haji. Nilimheshimu, na bado. Wakati sina kitu alinipa simu kwa mali kauli, nikauze ndipo nimpelekee chake, bila dhamana ila uso wangu.

"Binti, iko nini huko? Simu zangu zinalala."

"Wanauliza sistemu mpya, Baba Haji."

"Na we unawajibu nini?"

"Kwamba sijui."

"Sijui haiuzi hata karanga, binti. Siku hiyo sistemu inatoka, kuya Gitega na simu zilizobaki. Uone na macho yako."

Kabla sijapanga safari nilichukua simu moja ya mezani, nikafungua mipangilio, nikabonyeza mahali pa kutafuta sistemu mpya. Duara likazunguka, kisha ikaniandikia kwa Kifaransa kile hata mimi nakijua: à jour. Yaani haina kilichopungua. Sistemu mpya ilikuwa bado haijatoka popote duniani, na simu ilikuwa imeridhika tu na hali yake.

Siku yenyewe mafuta yalikuwa adimu kama kawaida, na gari nililopata lilinifikisha Gitega jua limeshakomaa. Duka la Baba Haji lilikuwa limejaa. Alikuwa amepanga viti vya plastiki mpaka barazani na kuweka intaneti kwa siku hiyo. Nyuma ya kioo, kijana wake mwenye miwani aliipokea simu moja moja, akaibonyeza palepale nilipobonyeza mimi. Duara linazunguka, shingo zote zinarefuka, kisha kijana anainua simu juu kama padri na kikombe.

"À jour!"

Makofi. Vigelegele. Mwenye simu anaipokea kwa mikono miwili, na nyingine inawekwa. "À jour!" Mzee mmoja aliibusu ya kwake. Nilisimama nyuma na mfuko wangu begani, nikajua walichokosea, na kwa dakika chache nilitamani nisingejua, maana furaha ile ilikuwa nzuri kuitazama.

Mtu na mkewe, wakulima kutoka Gishubi, walikuwa wanachagua simu lakini mke hakushawishika. Baba Haji akaniona. "Eh, huyu hapa, muuzaji wangu wa Muyinga! Muulizeni yeye. Binti, waambie."

Duka likageuka. Nilijua pale pale kilichokuwa kwenye mizani: meza yangu, na watatu wanaokula kwayo.

"Mama," nilimwambia yule mke, "hiyo ni sistemu ileile ya jana."

"Lakini simu inasema iko à jour."

"Hata yangu ilisema hivyo wiki iliyopita, ile mpya haijatoka. Inasema tu kwamba haioni cha kuongeza."

"Sasa ile mpya itakuja humu?"

"Sijui. Labda itakuja. Labda haitakuja kamwe."

Kijana wa miwani akapiga kioo kwa kiganja. "Uyo hajasoma! Musimusikilize, hata Kifaransa hajui!"

"Kweli sijasoma," nikasema. "Lakini pa kubonyeza ni palepale. Bonyeza simu mpya na simu ya miaka mingi, uone kama hazisemi sawa."

Hakubonyeza. Watu wengi walinicheka, wakaendelea kuleta simu zao. Lakini wachache waliokuwa bado hawajanunua wakaanza kurudisha mikono mifukoni. Yule mkulima wa Gishubi akakuna kidevu. "Inapiga?"

"Inapiga."

"Iko na tochi?"

"Kali sana."

"Bon, nipe mi hiyo. Mi sitaki kuongea na simu, mi iko na mke." Mkewe akampiga kofi la bega, akalipa yeye.

Baba Haji alinivuta nyuma ya pazia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Binti, mi si mwongo. Mtu ananunua simu na tumaini lake. We unamunyanganya tumaini, unamuachia simu."

"Tumaini aje nalo mwenyewe, Baba Haji. Mimi nisimuuzie."

"Basi sikiliza. Utasema ndiyo kama wenzako, ao utaacha simu zangu hapa."

Nadhani alitegemea nitalia. Nilirudi mbele ya watu, nikafungua mfuko, nikazipanga simu zake juu ya kioo, kila moja na chaja yake. Alizitazama zinavyoongezeka.

"Na wadogo zako?"

"Watakula."

"Watakula nini?"

"Cha kwangu."

Nilimshukuru kwa miaka yote ile, kwa mikono miwili, na nilimaanisha. Kisha nikatoka.

Nilipofika Muyinga, mdogo wangu aliuona mfuko umelegea kabla sijafungua mdomo. "Umerudisha zote?"

"Zote."

"Kwa ajili ya neno moja!" Alirusha kava alilokuwa ameshika. "Mi naenda kwa jirani. Yeye iko na simu."

"Nenda. Ugali ni saa ileile."

Alienda kweli. Meza yangu ikabaki na makava, chaja na vioo vya kubandika, na kila siku nilimsikia mtoto niliyemlea akipiga kelele hatua chache kutoka kwangu, "Zote zitapata! Zote zitapata!" kwa sauti kubwa kuliko ya yule mama mwenyewe. Jioni alikula akiwa amenipa mgongo. Nilimpakulia vilevile.

Miezi ikapita na ile mpya haikuonekana. Siku moja mama wa jirani hakuwepo, na mdogo wangu alikuwa peke yake mezani, alipofika mwanamke mnene mwenye mwavuli na simu mkononi. "We mutoto! Ulisema itaongea Kirundi! Mi naongea nayo tangu juzi, nyumbani wanasema nimechanganyikiwa!" Watu wakajaa. Mdogo wangu akarudi nyuma mpaka ukutani.

Niliacha meza yangu, nikaenda nikasimama ubavuni kwake.

"Mama, huyu ni mdogo wangu. Nimemlea mimi."

"Umemulea vibaya!"

"Inawezekana." Nikamgeukia. "Mwambie."

"Dada..."

"Mwambie wewe. Mimi niko hapa, siondoki."

"Mama," alisema, "nilikuwa sijui. Nilisema tu ili ununue."

Mwanamke alimtazama, akanitazama, akamtazama tena. Nilijiandaa kwa mwavuli. Akashusha pumzi, akatusonya sote wawili kwa sonyo moja refu, kisha akanisukumia simu kifuani.

"Iko na ufa hapa pembeni," alisema. "Unibandikie kioo, na usinitoze kitu."

Nikambandikia. Mdogo wangu alishika kitambaa, akaifuta ile simu kwanza.